Frigo inapoandika kode: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Ombi moja kabla ya majibu. Mkiniandikia, nakilini herufi zote za kode ya kosa kama zilivyo kwenye skrini ya frigo, na mseme zilitokea saa ngapi. Saa inaniambia mengi kuliko mnavyodhani.

Fundi, frigo yangu ni LG ya milango miwili, imeanza kuandika Er FF. Juu bado panagandisha kidogo, lakini chini maziwa yanachacha. Fundi wa jirani anataka dola 80 abadilishe mota ya feni. Nimlipe? (Mama wa Katuba)

Usimlipe kwanza, mama. Kwenye LG, Er FF maana yake feni ya friza haizunguki inavyotakiwa. Haisemi feni imekufa. Mara nyingi iko nzima kabisa, imebanwa tu na barafu. Hebu kumbuka: siku chache kabla ya kode, hukusikia sauti ya kukwaruza, kama kijiko kinachogusa ukingo wa sahani, halafu kimya? Hayo yalikuwa mapanga ya feni yakigonga barafu mpaka yakakwama.

Hamisha chakula, chomoa frigo, acha milango yote wazi, tandika matambara chini, na uiache hivyo saa 24. Wengi huishia saa tatu kwa sababu ndani panaonekana pakavu. Barafu inayosumbua iko nyuma ya ukuta wa plastiki, huioni, na ndiyo ya mwisho kuyeyuka.

Kisu kaa nacho mbali, nakusihi. Nimeletewa frigo nyingi zilizokuwa na barafu tu, zikafika kwangu na tundu. Mtu anachokonoa, anasikia «psss» nyembamba, gesi imetoka, na kazi ya bure imegeuka kazi ya pesa nyingi. Tena frigo nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Ukisikia huo mlio, zima mbabula iliyo karibu, usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, utoke nje.

Ikishayeyuka, washa usikilize. Feni ikizunguka na kode isirudi, umebaki na dola zako 80. Lakini barafu ilitoka wapi? Chukua noti ya faranga, ibane kwenye mlango, funga, kisha uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umelegea pale na hewa yenye unyevu inaingia. Zunguka mlango wote hivyo. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na pale ulipojikunja upakande kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka urudi mahali pake. Zamani niliwahi kubadilisha mota bila kupima mpira. Mteja alirudi baada ya wiki mbili na kode ileile. Tangu hapo napima mpira kwanza. Kode ikirudi wakati mpira unabana vizuri, hapo muite fundi apime feni yenyewe na rezistansi ya kuyeyushia barafu.

Nimenunua Samsung ya okazioni, iliyotoka Ulaya. Taa zinawaka, skrini inaandika OF OF, lakini hata maji hayapoi. Wawili wameshaniambia kompresa imekufa. (Kijana wa Kampemba)

Kompresa yako, ile mota inayosukuma gesi ya ubaridi, haijaguswa, mdogo wangu. OF OF ni hali ya maonyesho ya dukani: taa zinawaka ili wateja waone ndani, ubaridi umezimwa kwa makusudi. Inatolewa kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja kwa sekunde kadhaa. Ni vitufe gani, inategemea modeli, kwa hiyo soma namba ya modeli kwenye kibandiko kilicho ndani ya frigo na utafute kitabu chake kwenye intaneti. Ukifaulu, sikiliza kwa dakika kumi: kompresa itaanza kunguruma.

Kongelateri yangu inaandika kosa jioni tu, tangu saa moja hadi saa nne usiku. Usiku wa manane linafutika lenyewe. Nauza samaki wa Thomson, siwezi kuendelea hivi. (Mama wa Ruashi)

Herufi hukuniandikia, mama, lakini saa zako zimenitosha. Jioni mtaa mzima unawasha resho, majiko ya umeme, umeme unakonda, na usiku watu wakilala unanenepa tena.

Mwombe mtu mwenye multimeta apime prizi yako saa mbili usiku, kongelateri ikiwa inajaribu kuwaka. Asipime asubuhi, asubuhi itakudanganya. Kifaa kimetengenezwa kwa volti 220 hadi 240. Ukikuta 150, elewa kinachotokea: nguvu ya mota ya kawaida hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo kwa 150 kompresa ina chini ya nusu ya nguvu yake ya kuanzia. Weka sikio nyuma: «tik», mngurumo mzito wa sekunde chache, «tik», kimya. Kinga inaikata isiungue. Ikifanya hivyo kila jioni, siku moja itaungua kweli.

Kwa hiyo usinunue kipuri chochote. Nunua stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, na uangalie mambo mawili. La kwanza, iandikwe kwamba inafanya kazi hata kwa volti za chini ulizopima. Nyingi za bei rahisi zinaishia 180, kwako hazitasaidia kitu. La pili, iwe na ucheleweshaji wa dakika tatu hadi tano umeme unaporudi, kwa sababu kompresa haipendi kuanza wakati presha ya gesi bado haijatulia. Na kongelateri iwe na prizi yake peke yake. Ile multiprizi moja inayobeba kongelateri, resho na pasi, shika waya wake jioni uone ulivyo moto: volti zako zinapotea hapo.

Mpaka uipate, chomoa saa moja jioni, chomeka saa nne usiku, na usifungue kifuniko katikati. Kongelateri iliyojaa inashika baridi kama saa 48 ikiwa imefungwa, iliyo nusu kama 24. Samaki wako hawatadhurika.

Umeme umerudi, skrini inaandika 88 88. (Msomaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Chomoa dakika kumi, kisha chomeka. Kwenye Samsung hutokea baada ya umeme kukatika, skrini inashindwa kuwasiliana na plaketi, ile bodi ya umeme inayoongoza frigo. Ikirudi kila mara, fundi aangalie waya zinazopita kwenye bawaba ya mlango.

Mwezi wa sita friza ya juu inayeyuka, mwezi wa tisa inapona yenyewe. Haina kode yoyote. Fundi anasema tuongeze gesi. Frigo iko barza. (Baba wa Kamalondo)

Kataa, baba. Gesi iliyopungua hairudi yenyewe mwezi wa tisa. Frigo yako ina termostati moja, yaani kipima joto kinachowasha na kuzima kompresa, na hiyo inasikiliza chumba cha chini tu. Barza yenu usiku wa Juni inafika baridi ambayo chumba cha chini kinaridhika nayo, kompresa inalala, friza inasahaulika. Soma kibandiko: herufi N ni ya mahali penye digrii 16 hadi 32, T ni 16 hadi 43. Chini ya 16 hakuna aliyekuahidi kitu. Iingize ndani ya nyumba, uache sentimita kumi nyuma yake, usubiri siku mbili.