Sasisho za programu na milango ya umeme: jibu kwa anayetaka kununua Model 3

Ndugu, umeuliza kama Tesla Model 3 ya mwaka 2019 inaweza kuwa gari salama ilhali mtengenezaji huibadilisha programu yake akiwa mbali. Inaweza, na pengine usalama ukaongezeka: mwaka 2018, baada ya jarida la Consumer Reports kuzikosoa breki zake, programu mpya iliyotumwa kwa intaneti ilipunguza umbali wa kusimama kutoka mwendo wa kilomita 96 kwa saa kwa takriban mita 6, bila fundi kushika spana. Hata hivyo, sasisho laweza pia kuhamisha vitufe kwenye skrini, kwa hiyo yapitie mabadiliko gari likiwa limeegeshwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni milango, kwa kuwa hufunguliwa kwa umeme, na umeme ukikatika baada ya ajali itakubidi uvute juu kishikizo kidogo kilicho mbele ya swichi za vioo. Milango ya nyuma ya toleo hilo haina kishikizo hicho (uamuzi ambao, kwa maoni yangu, haukupaswa kupita), hivyo wafundishe watoto kutokea mbele.