Barua kwa mwanangu: habari mbaya zikufikie mapema

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema tangu upandishwe cheo, wale uliokuwa ukikaa nao meza moja sasa wanakuita bosi, na kila ukiuliza kikaoni kama kuna tatizo, wote wanajibu hakuna. Halafu kazi inapokaribia kukabidhiwa ndipo unapoambiwa kwamba sehemu nzima haijakamilika. Umeniuliza: "Mama, nikaze au nilegeze?"

Swali hilo liweke kando kwanza. Nimefanya kazi chini ya wakali ambao watu waliwaambia ukweli, na chini ya wapole ambao hakuna aliyewaambia kitu. Wale wakali hawakuvumilia kazi mbovu, lakini aliyewaendea na tatizo hakurudi na fedheha. Na baadhi ya wale wapole, habari mbaya ziliwaumiza mno hata watu wakaona heri kuwaficha. Wewe jiulize hivi: mtu wa timu yako akigundua leo asubuhi kwamba kazi imeharibika, itapita muda gani kabla hujajua? Muda huo ndio wa kuufupisha, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu kubwa ya uongozi wenyewe.

Kuna ajali moja ambayo kila anayesimamia watu angefaa kuijua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am la Marekani, ziligongana ardhini katika ukungu, wakafa watu 583. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu wa kuheshimika, mkufunzi wa marubani wenzake. Alianza kukimbiza ndege ili iruke kabla mnara wa kuongozea ndege haujampa ruhusa. Ndege ikishika kasi, mhandisi aliyekaa nyuma yake akauliza kama ile ya Pan Am imekwisha kuondoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka, na mhandisi hakusema zaidi. Sababu za ajali ile ni nyingi, yakiwemo mawasiliano ya redio yaliyoingiliana. Lakini ajali kama hizo ziliwafanya wataalamu wakutane kwenye warsha ya NASA, shirika la anga la Marekani, mwaka 1979, na mwaka 1981 shirika la ndege la United likaanza kuwafundisha marubani namna ya kuwasikiliza wasaidizi wao, na wasaidizi namna ya kusema wazi wanachokiona. Leo mafunzo ya aina hiyo yameenea katika usafiri wa anga duniani kote.

Angalia jinsi mhandisi yule alivyosema. Wasiwasi alikuwa nao, tena aliutamka, ila aliutamka kama swali la unyenyekevu. Watu wako nao hawatakujia na kelele. Mmoja atasema, "Nadhani ile sehemu ya pili ingeangaliwa tena." Mwingine atakuandikia, "Tunajitahidi." Ukisikia maneno ya namna hiyo, simama hapo hapo uulize: "Hebu nieleze, nini kinakutia wasiwasi?" Kisha nyamaza mpaka amalize. Wengi wetu hukimbilia kumtuliza mtu kabla hajasema lililomleta.

Na akisha kusema, sentensi yako ya kwanza ina uzito kuliko hotuba zote utakazotoa mwaka huu. Ukianza na "Nani kafanya hivi?", umewafundisha wote waliopo, na wasiokuwepo watasimuliwa kabla ya jioni. Anza na "Asante kwa kuniambia mapema. Tuna muda gani? Unahitaji nini kutoka kwangu?" Chanzo cha kosa utakitafuta baadaye, na lazima ukitafute, lakini kazi ikiwa imekwisha kuokolewa. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi akiona kasoro huvuta kamba ya kuita msaada, na kiongozi wa kundi humfuata pale pale alipo. Wasipoweza kuitatua kwa wakati, mstari wa uzalishaji husimama. Anayevuta kamba amefanya kazi yake, na kiongozi anafika kusaidia. Ofisini kwenu hakuna kamba, kwa hiyo uso wako na sauti yako ndivyo watakavyovitazama kabla ya kuamua kama waseme au wanyamaze.

Sasa jiandae kwa jambo litakalokushtua. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika timu za wauguzi. Alitarajia timu zilizo bora ziwe na makosa machache. Alichokuta ni kwamba ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu walithubutu kuyataja makosa, na kwingine yalikuwa yakifichwa. Kwa hiyo ukifanikiwa, orodha yako ya matatizo itarefuka kwanza. Usihuzunike. Mweleze mapema anayekusimamia, ili asidhani timu imeharibika mikononi mwako. Mficha maradhi kilio humfichua, na ni afadhali kujua leo kuliko siku ya kukabidhi.

Namna unavyouliza nayo ibadilike. "Kuna tatizo?" mbele ya watu wote ni swali linaloomba jibu la hapana. Uliza, "Kati ya kazi za wiki hii, ipi inaweza kutukwamisha?" Hapo kila mtu analazimika kutaja kitu, na kukitaja si aibu tena. Waanze walio wapya kazini na vijana, wewe uwe wa mwisho. Bosi akitoa maoni kwanza, wengine huyazunguka tu.

Kisha kaa na kila mmoja peke yake, nusu saa, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Muda huo ni wa kwake. Hali ya kazi mnaweza kuandikiana, lakini hapa muulize nini kinamchelewesha, nini angependa kujifunza, na wewe ufanye nini tofauti. Mara ya kwanza na ya pili atakujibu kwa adabu tu. Vumilia. Usiahirishe vikao hivi kwa sababu una shughuli nyingi, maana mtu huona haraka nafasi yake kwako iko wapi. Wanaofanyia kazi mbali na ofisi wapewe muda huo kwanza, kwa kuwa huwaoni wakiguna wala wakikunja uso, na kimya chao kinaweza kuwa na maana yoyote.

Kuhusu kugawa kazi sitasema mengi. Kila kazi iwe na mwenyewe mmoja, tarehe, na maelezo ya mambo anayoweza kuamua bila kukuuliza. Ukishakabidhi, usirudi kuifanya wewe usiku.

Ukitaka kumsahihisha mtu, fanya hivyo faraghani na mapema, ukitaja tendo na athari yake. "Wewe unachelewa kila siku" itamfanya ajitetee. "Ripoti ya Jumanne na ya leo zimefika baada ya saa tuliyokubaliana, mteja akasubiri. Kuna nini?" inampa nafasi ya kueleza. Huenda anauguza mtu nyumbani, huenda hakuelewa kazi, huenda ni uzembe. Kila moja ina dawa yake, na hutaijua bila kuuliza. Tathmini ya mwisho wa mwaka isimwambie mtu jambo ambalo hajawahi kulisikia kwako.

Yule mzee uliyenitajia, aliyekuzidi umri na uzoefu, endelea kumwamkia kama ulivyozoea. Cheo chako hakikufuta heshima hiyo. Mfuate, umwambie waziwazi: "Mzee wangu, kazi hii unaijua kuliko mimi. Naomba uniambie unapoona ninakosea, na mimi nitakueleza ninapoamua tofauti." Halafu siku ukiamua tofauti, mweleze kweli sababu zako, na uamuzi ubaki wako. Rafiki yako mliyekuwa sawa ni mgumu zaidi. Mwambie mapema kwamba yapo mambo ya wenzake ambayo huwezi tena kumsimulia. Atakasirika kidogo. Ukimpendelea, hasira ya wengine itadumu kuliko yake.

Kukaza nako kuna mahali pake. Kukosea ni jambo moja, kuficha ni jingine. Aliyekosea akasema, simama naye. Aliyejua, akaulizwa, akanyamaza mpaka wenzake wakabeba mzigo, huyo mwite, mweleze matarajio kwa maandishi, na akirudia fuata taratibu za kazi bila kuzungukazunguka. Ukimwachia, wale waliosema ukweli watajiona wajinga.

Na wewe pia una bosi. Timu yako itatazama unavyompelekea habari mbaya. Ukizipaka rangi, watajifunza kukupakia wewe. Mradi huu uliochelewa mwambie kesho asubuhi, kabla hajauliza: umefikia wapi, umekwama wapi, unapendekeza nini. Usitaje jina la mtu yeyote wa timu yako.

Nipigie Jumamosi ukishakaa na yule mzee, nataka sana kujua alivyolipokea.

Mama yako.