Jibu kwa mwenye saluni wa Fuoni: anza na wawili, tena wa msimu tofauti na wako

Assalaam alaykum mdogo wangu. Nimesoma ulivyoeleza: umefungua saluni Fuoni, una wasichana wawili, kazi ipo, lakini jambo likikukwama huna wa kumuuliza, na wenye saluni jirani wanakuona umekuja kuwachukulia riziki yao. Unauliza kama uanzishe kundi la WhatsApp la wenye saluni wote wa Mjini Magharibi. Mimi nina saluni Mlandege kwa miaka sasa, na ushauri wangu ni kwamba kundi usilianze. Tafuta watu wawili, na uwape kazi kabla hujawaomba chochote.

Makundi makubwa nimeyaingia. Huwa ni matangazo ya mawigi na salamu za Ijumaa. Siku bibi harusi ameshakaa kitini na msichana wako wa nywele kaamka na homa, humo ndani hapana atakayeacha kazi yake akufuate. Atakayekuja ni yule ambaye mwezi uliopita ulimpelekea mteja wako kwa mkono wako.

Hili nililiona nikiwa bado msichana wa kazi. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na haukurudi mpaka Machi 2010. Bibi niliyekuwa nikimfanyia kazi alikuwa na jenereta, wenzake wawili wa mtaa wa pili hawakuwa nayo. Akawaambia waje na wateja wao, kila mtu na draya lake, mafuta wachangiane. Tulibanana mle ndani miezi ile yote, kila mteja akimlipa mwenyewe aliyemhudumia. Umeme uliporudi wale wawili waliendelea kuja na kwenda, na mmoja wao ndiye aliyenifunza kusinga bibi harusi, yaani kumsugua mwili kwa manukato, kuanzia kuchanganya liwa na karafuu mpaka namna ya kukaa na mwari asiyetaka kusema. Hapakuwa na kikao wala katiba.

Sasa uwatafute nani? Wengi wetu hukimbilia wanaofanana nasi, na hapo ndipo mtandao wa kusaidiana unapokufa. Saluni za mtaani kama yako na yangu hujaa kwa pamoja: kumi la mwisho la Ramadhani, Idi zote mbili, na misimu ya harusi, hasa Shaabani watu wanapowahi kabla ya mfungo. Siku hizo mwenzako wa Fuoni hawezi kukusaidia hata akikupenda, maana naye wateja wamemjaa mpaka barazani. Lakini saluni na spa za pwani, Paje, Jambiani, Kiwengwa, Nungwi, zinakwenda na wageni. Zinajaa Julai na Agosti, kisha tena kuanzia Disemba. Masika yakiingia, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga milango kabisa na wasichana wa masaji wanakaa bure. Yule anayekaa bure wewe unapolemewa ndiye wa kumtafuta.

Mimi nina mwenzangu mmoja Paje na mmoja Nungwi. Machi 2020 ndege za watalii ziliposimama, wa Nungwi alifunga, na wasichana wake wawili wakafanya kwangu mpaka wageni waliporudi. Mjini harusi zilipungua lakini hazikwisha. Kila Agosti mimi nampelekea msichana mmoja au wawili, kwa ridhaa yao, wakapate pesa za wageni.

Zingatia pia kwamba Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Idi ndogo ya 2023 na ya 2024 ziliangukia Aprili, pwani kumetulia, tukapata mikono mingi mjini. Inavyozidi kurudi Machi na kwenda Februari, inatukuta pwani bado kuna wageni. Kwa hiyo kila mwaka mpya tunakaa na kalenda mbili, ya wageni na ya mwezi, tunaulizana nani atakuwa na nafasi lini. Kama kuna kikao kimoja ninachokipenda katika kazi hii, ni hicho.

Na usiku wenyewe wa kuamkia sikukuu unaujua. Tarehe 29 ya mfungo ikifika, hakuna ajuaye kama mwezi utaandama. Ukiandama, wateja tuliowapangia kesho wote wanataka hina leo, baada ya Isha. Usipoandama, tumewakodi wasichana wa kuchora na wamekaa. Sisi tunafanya hivi: tunawakodi wachoraji kwa pamoja kwa usiku wote wawili, na tunachangia ujira wao mwezi uandame usiandame. Tangazo likishatoka tunapigiana simu, aliye na foleni ndefu anapelekewa mchoraji kwa bodaboda. Peke yangu nisingeweza kuwalipa usiku wa kukaa.

Kuhusu pesa, yaseme mapema na kwa uwazi. Kwetu, ukinipelekea mteja, pesa ni ya aliyefanya kazi, hapana kamisheni. Wewe umebaki unanidai mteja. Ukiazima boksi la dawa ya nywele, unarudisha boksi, si pesa, maana bei za Kariakoo ya Dar zinapanda kabla hujageuka. Tunaagiza pamoja ili nauli ya mzigo kwenye boti tuigawe. Bei za huduma kila mtu na zake, hatuzipangi. Na mchezo wa fedha uweke mbali na huu mtandao. Nimeona wanawake waliosaidiana vizuri wakaacha kusemeshana kwa sababu ya zamu ya kupokea.

Wasichana wa kazi ni jambo zito zaidi. Tulikubaliana kwamba msichana wa mwenzako akija kukuomba kazi, unampigia mwenzako kabla hujamjibu. Lakini nilisema wazi, na nasema tena hapa, kwamba simu hiyo si ya kumzuia. Kama amepata pahala panapomlipa zaidi, aende, na alipwe siku zake alizofanya. Kuna watu wangependa wenye saluni waungane ili mishahara ya wasichana isipande. Kwenye mtandao wa namna hiyo sitaki kuwemo. Hao wasichana ndio mikono yetu, na wengi wao kesho ndio watakaokuwa wenye saluni wa kusaidiana nao.

Kisha siri. Wateja wetu wanaingia nyuma ya pazia, wanavua mabuibui, wanasema yaliyomo majumbani mwao. Picha ya kichwa cha mteja haiendi kwa mwenzako hata kama unaomba ushauri wa rangi, mpaka mwenyewe akubali, na uso usionekane. Anayekuja kwangu na habari za mteja wa mwenzetu, simpelekei kazi tena. Sigombani naye, naacha tu. Hili ndilo lililotufanya tuaminiane kuliko jingine lolote.

Lakini siri isifiche hatari. Piko nyeusi wanayochorwa wageni pwani, na siku hizi hata mabibi harusi wetu, mara nyingi si hina, ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali inayoitwa PPD. Inaweza kuibabua ngozi, na mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida huikataa maisha. Mwaka mwingine mtu huyo huyo anapaka rangi ya nywele na uso unavimba mpaka macho yanafunga. Aliwahi kuniingilia mteja wa hivyo, alama ya piko ya pwani bado iko mkononi, anataka rangi nyeusi kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilimjaribu kidogo tu kwenye mkunjo wa kiwiko, na kesho yake pakawa na malengelenge. Tangu hapo wote watatu tunamuuliza kila mteja kama aliwahi kuchorwa piko ikamwasha, na tunajaribu rangi siku mbili kabla. Likitokea jambo tunatumiana picha ya boksi la rangi, si ya mteja. Mteja mwenyewe tunamwandikia jina la kile kitu kwenye karatasi, akionyeshe kila saluni atakayokwenda.

Umeuliza mwisho kuhusu jirani wa mlango wa tatu, asiyeitikia salamu. Usimfuate na maneno. Umesema wewe huchori hina na yeye anachora. Mteja akikuuliza hina, mtoe mpaka barazani, muonyeshe mlango wake, umwambie huyu anachora vizuri. Usiende kumwambia jirani kwamba ni wewe uliyemleta, mteja atasema. Akikuletea wa kuseti nywele, vyema. Asipoleta, endelea hivyo hivyo, kwa sababu mteja wako amepata alichokitaka.

Ukitaka mtu wa pwani wa kuanzia naye, niandikie pembeni. Kuna mmoja Jambiani anayefanya masaji na skrabu, na anatafuta mwenzake wa huku kwetu kabla masika hayajaingia.