Maswali na majibu: Pikipiki za theluji, matoleo mapya na sheria za moshi

Ninaishi Minnesota. Jirani ananishauri nisinunue pikipiki ya theluji sasa, nisubiri matoleo mapya. Hutoka lini, na kuna faida gani kusubiri?

Kwa desturi ya biashara hii, watengenezaji huonyesha matoleo ya msimu ujao mwezi Februari au Machi, theluji ikiwa bado ipo ardhini. Baada ya hapo hupokea maagizo kwa wiki chache: mnunuzi hutoa amana, huchagua injini, urefu wa mkanda wa mpira unaoisukuma pikipiki na hata rangi, kisha hukabidhiwa mali yake kabla ya majira ya baridi kuanza. Baadhi ya matoleo huundwa kwa ajili ya walioagiza tu, kwa hiyo anayengoja kuyakuta dukani huenda asiyapate.

Faida ya kusubiri inategemea jambo moja, nalo ni kama injini inabadilika. Rangi, taa na kioo cha dashibodi hubadilishwa karibu kila mwaka, lakini injini mpya kabisa huja mara chache. Ski-Doo, kwa mfano, ilileta injini ya Rotax 600 E-TEC katika toleo la 2009, na ile ya 850 ikafuata katika toleo la 2017 (namba hizo huonyesha ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo). Ikiwa pikipiki iliyopo dukani leo ina injini ileile itakayouzwa mwakani, sioni sababu ya wewe kupoteza msimu mzima ukingoja stika mpya.

Huku Tanga tunazijua mashine za boti za kuchanganya oili na petroli, na tunaambiwa zimepitwa na wakati kwa sababu ya moshi. Inakuwaje nchi zenye sheria kali bado zinauza pikipiki za theluji za namna hiyo?

Umeuliza swali lililo kiini cha jambo lenyewe. Katika injini ya kale ya mipigo miwili, yaani hiyo ya kuchanganya oili na petroli, mchanganyiko mpya wa petroli na hewa huingia ndani ya silinda wakati tundu la kutolea moshi lingali wazi, na kazi yake mojawapo ni kuusukuma nje moshi wa mlipuko uliopita. Sehemu ya petroli hiyo, ambayo inaweza kufika robo au zaidi, hutoka nje bila kuungua. Aliyewahi kusimama nyuma ya pikipiki ya zamani ikiwashwa asubuhi ya baridi kali anaujua ule moshi wa buluu unaotanda chini bila kupanda, na harufu yake inayobaki kwenye koti hadi jioni.

Sheria ilipobana, njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuhamia mipigo minne, kama Yamaha ilivyofanya kwa RX-1 ya toleo la 2003, iliyotumia injini ya silinda nne yenye asili ya pikipiki yake ya barabarani ya R1. Ilikuwa injini safi, tulivu na ya kudumu, ila ni nzito, na uzito ni adui mkubwa wa mtu anayepanda mlima wenye theluji laini inayofika kiunoni. Njia ya pili ilikuwa kuitibu mipigo miwili yenyewe. Katika mfumo wa E-TEC, ambao kwa hakika ulianzia kwenye mashine za boti za Evinrude, silinda hupokea hewa tupu, na nozeli inayoendeshwa kwa kompyuta hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa kipimo na wakati unaozuia sehemu kubwa yake kutoroka kupitia tundu la moshi. Oili nayo haichanganywi tena kwenye tangi, bali pampu huipeleka kidogokidogo mahali inapohitajika. Kwa maoni yangu huu ni ufundi mkubwa, na haungefika upesi kiasi hicho bila msukumo wa sheria.

Yamaha yenyewe ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha biashara hii, na toleo la 2025 likawa lake la mwisho Amerika Kaskazini.

Sheria yenyewe inasema nini?

Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitoa kanuni zake mwaka 2002. Lilikadiria kuwa pikipiki za theluji za wakati huo zilitoa wastani wa gramu 150 za haidrokaboni (hasa petroli isiyoungua) na gramu 400 za kaboni monoksaidi (gesi yenye sumu) kwa kila kilowati-saa ya kazi ya injini. Kuanzia matoleo ya 2006 na 2007 viwango vilishushwa hadi gramu 100 na 275, na baadaye vikakazwa kwa awamu. Umoja wa Ulaya nao una viwango vyake vya pikipiki hizi, gramu 75 na 275, tangu 2019.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba kanuni ya Marekani hupima wastani wa pikipiki zote za kampuni, wala haidai kila moja ifikie kiwango kilekile. Kila pikipiki safi ya safari inayouzwa huipa kampuni nafasi ya kuuza pia ile ya mlimani yenye moshi zaidi. Ndiyo maana utaona kampuni moja ikiuza injini tulivu ya mipigo minne kwa familia, na papo hapo ikiuza 850 ya mipigo miwili yenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, kwa wapanda milima, ambao huihitaji kwa sababu hewa nyepesi ya juu hunyima injini nguvu.

Nataka kuizuru hifadhi ya Yellowstone. Pikipiki yoyote inaruhusiwa?

Hapana, na naunga mkono katazo hilo bila kusita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 moshi ulikuwa mzito kwenye lango la magharibi la hifadhi hiyo kiasi kwamba walinzi waliokuwa wakikata tiketi walipewa vinyago vya kupumulia. Leo hifadhi inadai gramu zisizozidi 15 za haidrokaboni na 90 za kaboni monoksaidi kwa kila kilowati-saa, pamoja na kelele zisizozidi desibeli 67. Kwa mipigo miwili vigezo hivyo ni vigumu mno kuvifikia, kwa hiyo jiandae kupanda ya mipigo minne.

Za umeme je?

Zipo. Ski-Doo inatangaza umbali wa hadi kilomita 50 kwa chaji moja, na baridi kali huudhoofisha mwendo wa betri yoyote. Zinafaa kwa waongoza watalii na vituo vya kuteleza, ambako chaja ipo jirani. Kwa safari ya siku nzima porini, bado.

Nikibadilisha bomba la moshi na programu ya injini ili iongeze nguvu?

Kuondoa au kuzima kifaa cha kudhibiti moshi ni kosa kisheria nchini Marekani.

Nitajuaje pikipiki ipi ni safi kabla ya kununua?

Pikipiki mpya nchini Marekani hutundikwa kijilebo chenye alama kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ndiyo safi kabisa. Wauzaji wengine hukiondoa mapema. Omba ukione kabla hujatoa amana.