Kabla ya kuizuia tabia, jua inampatia mtoto nini

Mtoto anawapiga wenzake wakati wa hesabu, mwalimu anamtoa nje. Kesho anapiga tena, safari hii mapema zaidi. Kama alikuwa anaikwepa hesabu, kutolewa nje ndiyo malipo yake. Ndiyo maana adhabu na zawadi zisubiri mpaka ijulikane tabia inamletea nini.

Daktari aanze. Tabia iliyozuka ghafla, hasa kwa mtoto asiyeweza kusema, huenda ni jino, sikio, choo kigumu au usingizi mbovu.

Kisha ielezeni tabia kiasi kwamba watu wawili wakitazama pamoja watahesabu sawa. "Ana fujo" haihesabiki. "Anampiga mtu kwa kiganja au ngumi, kusukuma kiti hakumo" inahesabika. Waangalizi wakipatana chini ya 80%, kwa kawaida maelezo ndiyo yenye kasoro, au wahesabuji hawajafunzwa vya kutosha. Tabia fupi hesabu mara ngapi imetokea. Kilio pima muda, maana kilio kimoja cha dakika 40 na kimoja cha dakika 2 vyote ni "mara 1".

Daftari linahitaji safu tatu: kilichotangulia, tabia, kilichofuata. Mstari mzuri unasomeka hivi: "Saa 4:10, ameambiwa ashike kalamu / amegonga kichwa mezani mara 4 / kalamu imeondolewa." Ukiandika "alikasirika" kwenye safu ya kwanza, umeandika dhana yako. Andika papo hapo. Ya jioni ni kumbukumbu iliyokwisha kupigwa pasi.

Kuna mtego hapa. Mtoto akijigonga, watu wazima humkimbilia, kwa hiyo safu ya tatu itajaa "aliangaliwa" hata kama hakutafuta kuangaliwa. Linganisheni na nyakati ambazo tabia haitokei. Akiwa ametulia bila kuangaliwa lakini akilipuka kila apewapo kazi, anakwepa kazi. Faida nyingine za kawaida ni kupata kitu au shughuli, na hisia inayotokana na tendo lenyewe, ambayo huendelea hata akiwa peke yake. Kuzijaribu hali hizi kwa makusudi, kama mtafiti wa tabia Brian Iwata na wenzake walivyofanya katika utafiti wao wa 1982, ni kazi ya mtaalamu aliyefunzwa, hasa pale mtoto anapojiumiza.

Tuseme anakwepa. Punguza kazi: maswali 3 badala ya 10, anza na analoliweza. Mfundishe kuomba pumziko kwa kadi au ishara. Mwanzoni apewe kila anapoomba, ndani ya sekunde chache, dakika 1 au 2, halafu arudi kwenye kazi ileile. Kadi iwe rahisi kuliko kupiga. Ikikaa kabatini, ngumi itashinda. Ombi likishazoeleka, adai pumziko baada ya swali 1, kisha 2. Mipango mingi huvunjika hapa kwa sababu watu wazima huruka kutoka swali 1 hadi 8.

Kupiga sasa kusimpatie pumziko. Waambieni wazazi mapema kwamba tabia inaweza kupanda kwa muda kabla ya kushuka. Wakikubali kushindwa katikati, wamemfundisha kupiga kwa nguvu zaidi. Kama hawawezi kuhimili, au anagonga kichwa, msitumie njia hii bila mtaalamu na mpango wa usalama. Kaeni kwenye kurahisisha kazi na kutoa mapumziko ya mara kwa mara bila kusubiri tabia.

Kusanyeni takwimu za vipindi 3 hadi 5 kabla ya mpango, zichoreni, kisha endeleeni kwenye grafu hiyohiyo. Mstari usiposhuka, msibadili mpango kwanza. Mtazameni anayeutekeleza: mtoto ameinua kadi mara 5, amepewa pumziko mara ngapi? Ikiwa ni 2, mrudisheni kwenye mafunzo ya hatua hiyo.