Maswali ya Wasomaji: Pampu ya Usukani Isiyo ya Gari Lako

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Ninamiliki Mitsubishi Canter ya zamani yenye injini ya 4D33, ambayo hubeba viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam. Usukani umekuwa mzito, hasa dereva anapogeuza gari sokoni likiwa na mzigo, na oili ya usukani inapungua kila wiki ingawa hatuoni tone chini ya gari. Fundi anasema pampu imekwisha. Ya aina yake tumeikosa, naye ameleta pampu ya mkanda iliyotolewa kwenye gari dogo la abiria na anataka kuichomelea kishikio. Je, itafaa? – Msomaji, Makambako.

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hatujafika kwenye pampu ngeni naomba tuanze na hiyo oili inayopotea bila kuonekana, kwa kuwa ndiyo inayoeleza hali ya pampu uliyo nayo. Kwenye injini yako pampu ya usukani haizungushwi na mkanda. Imefungwa kwenye kasha la gia za taimingi na inazungushwa na gia, na kinachotenganisha oili ya usukani na oili ya injini ni sili ya shafti ya pampu. Sili hiyo ikichakaa, oili haidondoki chini bali inaingia ndani ya injini. Asubuhi, gari likiwa limesimama mahali tambarare na kabla halijawashwa, chomoeni kijiti cha oili ya injini mkitazame. Kiwango kikiwa kinapanda badala ya kushuka, mmekwisha kupata jibu, na hapo msisafiri tena kabla ya kumwaga oili yote ya injini na kubadili filta, kwa sababu oili ya usukani ni nyepesi mno kwa beringi za injini ya dizeli.

Hivyo huenda kilichokwisha ni sili tu. Mwombeni fundi aifungue pampu hiyo juu ya meza safi mbele yenu. Ndani mtaona rota yenye mifereji, na ndani ya kila mfereji kibapa cha chuma kinachochomoka na kusugua pete inayoizunguka. Pitisheni ukucha polepole kwenye uso wa ndani wa pete hiyo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, na vibapa vikiingia na kutoka kwenye mifereji yao kwa uzito wao wenyewe, pampu bado ni nzima na inahitaji sili na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mpya. Ukucha ukiruka juu ya mawimbi madogo, pete imeliwa na haiwezi tena kujenga presha. Pampu nyingi hutupwa bila kufanyiwa uchunguzi huu, na gari likaingizwa kwenye gharama ambazo halikuzihitaji.

Tuchukulie sasa kwamba yenu imeliwa kweli. Pampu ya gari jingine inaweza kutumika, lakini kulingana kwa matundu ya bolti hakutoshi kuthibitisha kwamba inafaa. La kwanza kuulizwa ni inasukuma oili kiasi gani katika kila mzunguko. Pampu inayotoa sentimita 10 za ujazo kwa mzunguko, ikizunguka mara 700 kwa dakika, inatoa lita 7 kwa dakika. Inayotoa sentimita 7 za ujazo, kwa mwendo uleule, haifikishi lita 5. Ikiwa barabarani, injini ikienda kasi, tofauti hiyo haihisiwi, kwa kuwa pampu zote mbili hutoa oili nyingi kuliko inayohitajika na valvu iliyo ndani huirudisha ziada. Itahisiwa sokoni, pale injini inaponguruma taratibu, magurudumu ya mbele yamebeba mzigo, na dereva anataka kugeuza kwa haraka kabla ya bodaboda kumziba. Boksi la usukani la lori lina pistoni pana inayohitaji oili nyingi ili isogee, na pampu ya gari dogo ikishindwa kuijaza kwa wakati, usukani utakataa ghafla katikati ya kona kisha utaachia. Dereva asiyeizoea hali hiyo anaweza kugonga mtu.

Unaweza kupunguza upungufu huo kwa kuweka puli ndogo kwenye pampu ili izunguke haraka zaidi, na watu wengine hufanya hivyo. Mimi sipendekezi kwa lori linalosafiri mbali, kwa sababu mwendo unaoongezeka sokoni huongezeka pia barabarani, ambako pampu itazunguka kwa saa nyingi kupita mwendo iliyoundiwa, na oili itachemka.

La pili ni presha. Francis Davis, mhandisi Mmarekani aliyetoka katika malori ya Pierce-Arrow, alipoonyesha usukani wake wa haidroliki mwaka 1926, jambo lililoufanya utumike ni kwamba oili huzunguka bure gari linapokwenda moja kwa moja, na presha hupanda pale tu dereva anapogeuza. Ndivyo ilivyo hadi leo kwenye gari lenu, na ndiyo sababu geji iliyosomwa magurudumu yakiwa yamenyooka haisemi chochote kuhusu uwezo wa pampu. Fundi mwenye vifaa hufunga geji na koki kati ya pampu na boksi, injini ikiwa imepata joto, kisha hufunga koki kwa sekunde zisizozidi 5 na kusoma presha ya juu kabisa. Namba hiyo ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lenu. Ikiwa chini, usukani utakuwa mzito hata ukigeuzwa polepole. Ikiwa juu kupita kiasi, sili za boksi zitafumuka au mpira wa presha unaopeleka oili kwenye boksi utapasuka, na oili ya moto ikirukia ekzosi inaweza kuwaka. Valvu ya presha isiongezewe wasa ili kuikaza. Ni mtindo ninaousikia mara kwa mara, na ni wa hatari.

Mwelekeo wa kuzunguka ni jambo ambalo mafundi wenye haraka hulisahau. Pampu ya vibapa imeundwa kuzunguka upande mmoja. Pampu ya mkanda iliyokaa mbele ya injini na puli yake ikitazama mbele huzunguka sawa na krenki, yaani shafti kuu ya injini. Mkiigeuza itazame nyuma kwa sababu nafasi ni finyu, itazunguka kinyume na haitasukuma oili. Hata ile ya gia mtakayoipata kwenye injini nyingine yaweza kuwa ya upande tofauti na yenu, hata kama sura ni ileile. Tafuteni mshale kwenye mwili wa pampu au kwenye pete ya ndani.

Sasa hicho kishikio cha kuchomelea. Kikishikizwa kwenye chesisi, kazi yote itaharibika, kwa sababu injini imekaa juu ya mipira na hutikisika huku chesisi ikiwa imetulia, hivyo mkanda utakazwa na kulegezwa kila sekunde hadi ukatike. Kishikio cha pampu kifungwe kwenye injini yenyewe, kwa bolti zisizopungua tatu, kwa chuma kinene, na puli zinyooshwe kwa kuwekewa rula ndefu usoni. Tena kumbukeni kwamba pampu ya gia ikitoka inaacha tundu kwenye kasha la taimingi, na tundu hilo likiachwa wazi, au likizibwa kwa bati lililopakwa gundi, oili ya injini itamwagika yote kabla gari halijafika Mafinga. Litengenezewe mfuniko wa chuma uliochongwa kwa mashine, wenye oringi, na fundi ahakikishe kwamba kuiondoa gia ile hakuzibi wala hakufungui njia ya oili ya kulainisha gia nyingine.

Kwa hiyo, kwa gari lenu, jibu langu ni kwamba pampu ile ya gari dogo msiifunge. Tumeni mtu kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akiwa amebeba pampu yenu mkononi, si picha kwenye simu, atafute ya injini za jamii ya 4D3, alinganishe idadi ya meno ya gia, upana wa shingo inayoingia kwenye kasha, mshale wa mwelekeo na nyuzi za bolti za mipira. Ikikosekana kabisa, ndipo mfikirie pampu ya mkanda, na hata hapo iwe imetoka kwenye lori la uzito unaokaribiana na wenu. Gari linaloshuka Kitonga na tani za viazi mgongoni halistahili kubahatishwa usukani.

Swali: Nina Land Rover Series III ya pick-up, ya mwaka 1978, na mikono yangu imechoka. Je, naweza kununua pampu ya usukani pekee na kuifunga, kwa kuwa injini ina nafasi ya kutosha? – Mzee wa Kitale, Kenya.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Pampu pekee haitakusaidia. Boksi la usukani la Land Rover yako ni la gia tupu, halina pistoni wala njia za oili, kwa hiyo oili itakayosukumwa haina pa kufanyia kazi. Utahitaji seti nzima kutoka gari moja: boksi, pampu, tanki, mipira, na mkono unaounganisha boksi na fito za usukani. Boksi likikaa mahali tofauti, ufito ukabadilika urefu au pembe, gari litajigeuza lenyewe kila gurudumu linapopanda na kushuka kwenye shimo. Tena mkono huo na fito zake visichomelewe kamwe, hata na fundi unayemwamini kuliko wote, maana chuma chake kimepitishwa kwenye moto maalumu na welding hukidhoofisha pembeni mwa mshono bila jicho kuona. Kabla ya kutumia fedha hizo, kagua upepo wa matairi ya mbele na upake grisi kwenye maungio yote. Mara nyingi uzito unatoka huko.

Swali: Tumebadili pampu ya usukani ya lori letu mara mbili, na zote mbili zimeanza kulia na kufa baada ya muda mfupi. Muuzaji anasema tunafunga vibaya, fundi anasema muuzaji anauza feki. Nani mkweli? – Wasomaji, Morogoro.

Jibu: Ndugu wasomaji, inawezekana wote wawili hawana kosa. Pampu ya kwanza ilipokufa ilisaga chuma chake, na unga huo ukasambaa kwenye boksi, kwenye mipira na chini ya tanki. Pampu mpya ikifungwa bila kusafisha njia, huanza kumeza unga huo tangu dakika ya kwanza. Fungueni tanki mtie kidole chini: mkitoa ute wa kijivu unaometameta, sababu mnayo. Mpira wa kurudisha oili uelekezwe kwenye ndoo, tundu lake tankini lizibwe, magurudumu ya mbele yainuliwe na gari likalie stendi imara, kisha oili mpya imiminwe huku mtu akizungusha usukani kwa mkono kutoka mwisho hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, mpaka inayotoka iwe safi kama inayoingia. Filta ya tanki, kama ipo, ioshwe au ibadilishwe.

Kuhusu mlio, tazameni oili yenyewe injini ikiwa inafanya kazi. Ikiwa na povu, hewa inaingia, na karibu kila mara inaingia kwenye mpira mpana unaotoka tankini kwenda kwenye pampu. Mpira huo hauna presha bali unavuta, kwa hiyo unaweza kuingiza hewa bila kuvujisha hata tone. Ukatazameni hasa chini ya kibano, mahali ulipokakamaa na kupasuka, na msiweke mwembamba kuliko ule wa awali kwa sababu tu ndio uliopatikana dukani. Lori nyingi za Kijapani hutumia ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kwenye usukani, lakini zipo za Ulaya zinazotaka oili ya aina nyingine, na oili isiyofaa hulainisha sili hadi zivimbe. Someni kifuniko cha tanki au kitabu cha gari kabla ya kununua.

Mkimaliza, jazeni tanki, zungusheni usukani injini ikiwa imezimwa mpaka mapovu yaishe, ndipo muwashe. Dereva asiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho. Kwa presha ya bari 100 na lita 10 kwa dakika, pampu hutumia karibu kilowati 1.7, na pale mwisho nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya oili kidogo sana. Aurudishe kidogo mara tu anapohisi umegota.