Kuhusu kiungo cha faili la wateja

Umeuliza kama ni salama kumtumia mshirika wa biashara kiungo (link) cha faili la wateja lililoko mtandaoni. Inategemea umekifungua kwa nani. Ukichagua "yeyote mwenye kiungo", akikirusha kwenye kundi la WhatsApp kila aliyemo atasoma majina na namba za wateja wako bila kuulizwa nywila. Ruhusu barua pepe yake tu, asome bila kuhariri, na kazi ikiisha mwondoe. Hapo ndipo wengi husahau: mtu kaacha kazi mwaka jana, bado anaingia! Na mshirika huyo akikutumia ghafla akaunti mpya ya benki ya kumlipa kwa barua pepe, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, usiijibu ile barua. Hata anwani ikiwa yake kabisa, huenda imeshadukuliwa.